Siku Tuliyolima Ziwa

Mama yangu hakuamini hata siku moja kwamba baridi ya kiwandani ilitoka kwenye moto. Alisokota nyuzi ndani ya baridi ile tangu mimi nikiwa msichana wa shule ya msingi, na baadaye nikaja kuwa fundi wa mtambo ulioitengeneza, lakini kila nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, nilikupeleka shule ili uje kunidanganya?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama alikuwa anajua kunichokoza. Siku moja nilichukua kopo la chumvi jikoni, nikamwekea mbele yake. Ilikuwa masika na chumvi ilikuwa imelowa yenyewe, kama inavyofanya masika yote. Nikamuuliza maji hayo yametoka wapi wakati hakuna aliyeyamwaga. Akasema yametoka hewani. Basi, nikamwambia, mtambo wetu una chumvi ya aina yake, yenye kiu kuliko hii. Kuna pipa kubwa la chuma ambalo tumelinyonya hewa yote. Humo ndani maji huchemka hata yakiwa ya baridi, na yakichemka huchukua joto la yale mabomba yanayokwenda ukumbini kwenu. Chumvi inakunywa mvuke huo. Ikishalewa haiwezi kunywa tena, kwa hiyo tunaipeleka kwenye mvuke wa boila, inapikwa mpaka inaachia maji yote, halafu inarudi kunywa upya. Moto ndio unaoirudishia kiu, na kiu yake ndiyo baridi yenu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. "Kwa hiyo chumvi yenu ni mlevi," akasema. "Analewa, anachomwa jua barabarani, pombe ikimtoka anarudi kilabuni." Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kabla wiki haijaisha ukumbi mzima wa kusokota ulikuwa unauita mtambo wangu Mlevi. Wasichana wa zamu walipita mlangoni kwangu wakiuliza kama Mlevi ameamkaje.

Tuliishi Nyakato, pale Mwanza, kwenye nyumba za wafanyakazi, mama na mimi. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama hakurudi kwao Majita kama ndugu walivyotaka. Aliwaambia ana kazi. Ilikuwa kweli. Alikuwa na mashine zake ndefu zenye safu za vibobini vya kuzungushia uzi, na alitembea kati yake siku nzima akitafuta uzi uliokatika, akiunga kwa ncha za vidole bila kusimama. Nimewaona mafundi wengi maishani mwangu na sijaona vidole kama vile.

Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Pamba inaposokotwa inatoa manyoya, na manyoya hayo huingia kifuani. Ukumbi ukiwa na ubaridi na unyevu, uzi haukatiki na manyoya yanalala sakafuni. Ukumbi ukiwa na joto na ukavu, uzi unakatika kila mahali, na manyoya yanaruka mpaka humwoni aliye mashine ya tatu. Mama alikohoa zaidi Jumatatu, baada ya mapumziko, jambo ambalo wasokotaji wote walilijua na hakuna aliyelishangaa. Daktari alimwambia aache kazi ya vumbi. Mama akamshukuru, akachukua dawa, na kesho yake akaingia zamu ya asubuhi.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" aliniuliza nilipomgombeza. "Nichunge kuku? Wewe angalia Mlevi wako asilale. Yeye akiwa mzima, na mimi ni mzima."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Mtambo ukifanya kazi, mama alipumua. Ukizimwa, alikohoa. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia zaidi.

Ndipo zikaja zile nyakati za soko huria. Sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa kila asubuhi, na watu waliokuwa wakingoja kitenge chetu kwa foleni sasa walichagua mashati ya Ulaya wakiwa wamechuchumaa. Serikali ikasema haitabeba tena mashirika yasiyojibeba. Kiwanda chetu kikawekwa kwenye orodha ya kuuzwa, na kila mkubwa akawa kaimu. Kaimu meneja wetu alikuwa mtu mpole, mwenye kuvaa sweta hata saa saba mchana. Aliniita ofisini akaongea huku ameangalia dirishani.

"Fundi, huyu Mlevi wenu anatumaliza. Robo ya mafuta ya boila yanaishia kwake."

"Bila yeye hakuna uzi, mzee."

"Najua. Lakini wanunuzi watakuja kutazama, na kitu cha kwanza watakachouliza ni mafuta. Punguza, au nitamzima. Sina njia nyingine."

Nilitoka mle nikiwa nimevimba kwa hasira, na hasira ilinisaidia. Nilianza na hewa. Mtambo wa namna ile adui yake ni hewa, hata ikipenya kwa tundu la sindano chumvi inapoteza hamu ya kunywa, nawe unaongeza moto bure. Tuliujaza gesi, tukapaka povu la sabuni kila kiungo, tukakodoa macho kama watu wanaotafuta chawa. Kilichovuja kilikuwa mpira wa koki moja ya zamani. Vipuri havikuwapo, basi tulikata mpira wa ndani wa tairi la trekta tukaupachika, nao ukashika. Halafu nikayageukia mabomba ya mvuke, ambayo yalikuwa yanatupa joto njiani kabla hata ya kumfikia Mlevi. Mama ndiye aliyeniambia nitumie udongo wa kichuguu. Alikuja Jumapili, akakunja kanga yake magotini, akaukanda pamoja na pamba chafu ya kufagiwa, akatuonyesha namna ya kuupaka tabaka juu ya tabaka kama wanavyokandika nyumba kwao. Ulipokauka mtu aliweza kuweka kiganja juu ya bomba na asiungue.

Mafuta yalipungua, ila kidogo. Kubwa lilikuwa bado.

Mtambo ule unahitaji maji mengine ya kuupoza, na kadiri yanavyokuwa baridi ndivyo unavyohitaji moto kidogo. Sisi tulikuwa tunayazungusha maji yale yale kwenye mnara wa mbao uliooza, wenye feni mbili za umeme, na siku za jua yalirudi vuguvugu. Wakati huohuo hatua chache kutoka uzio wetu lilikuwapo ziwa zima. Ndani yake lilikuwa limelala bomba nene lililowekwa na waliojenga kiwanda kwa ajili ya moto ukitokea. Tulilifukua, tukaunganisha pampu, tukaweka tundu la wavu wa waya mdomoni ili samaki na takataka wasiingie, na maji ya ziwa yakaanza kupita kwenye mtambo na kurudi ziwani. Feni tukazizima. Nilisimama mbele ya vipimajoto nikaviona vikishuka, nikapunguza mvuke, vikaendelea kushuka, nikapunguza tena. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Mkaguzi wa tangi la mafuta alitumbukiza fimbo yake ya kupimia akadhani amekosea, akarudia. Kaimu meneja akaja mwenyewe hadi kwenye mtambo, akiwa na sweta lake, akanishika mkono. "Basi tumwache," akasema. "Wanunuzi wakija, nitawaleta hapa kwanza."

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu. Ukumbi ulikuwa baridi kama kanisa asubuhi. Mama alianza kuimba kazini, nyimbo za Kijita za kutwanga, na Jumatatu zikaja zikapita kama siku nyingine. Alinenepa kidogo. Siku moja alirudi na kopo la maziwa lililojaa maji, na ndani yake ua la zambarau lenye majani manene yanayong'aa. Alisema ameliokota ufukweni, linaelea lenyewe, halina hata udongo. Aliliweka katikati ya meza. "Zuri hili," akasema, na mimi nikakubali. Lilikuwa zuri.

Wakati huo hatukulijua jina. Baadaye kila mtu Mwanza alilijua: magugu maji. Yalikuja kwanza moja moja, halafu vipande ukubwa wa mkeka, halafu asubuhi moja niliangalia kutoka kwenye pampu na sikuona maji, niliona shamba. Wavuvi walikuwa wamesimama ufukweni na mitumbwi yao imekwama. Pampu yangu ilikuwa inakoroma kwa kukosa maji.

Tuliyavuta kwa mikono, mimi na fundi mwenzangu, tukiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Tuliposafisha mdomo wa bomba, mtambo ukapata nafuu, na mchana upepo ukayaleta mengine. Kesho yake vivyo hivyo. Nilianza kuamka na swali la upepo unatoka wapi, mimi ambaye sijawahi kuvua hata kasamaki ka furu. Ukumbini joto lilipanda na kushuka kama homa. Usiku nilimsikia mama akikohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi cha kujizuia, cha mtu asiyetaka mwanawe asikie.

Msimamizi wa zamu ndiye aliyekuja na wazo. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mtu wa Magu, mkulima wa pamba kabla ya kuwa msokotaji wa pamba.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Hivi unalia nini hapa na watu wapo?" Alitazama ziwa akiwa amefumba jicho moja, kama mtu anayepima ekari. "Hii ni palizi. Kwetu gugu halijawahi kumshinda mtu mwenye jembe. Jumamosi tunalilima."

Nilitaka kumkumbatia. Kwa wasiowajua, Wasukuma hawalimi kinyonge. Wanagawanyika pande mbili, kila upande na ngoma yake na mtani wake, na upande utakaomaliza kwanza utawaimba wenzao mpaka msimu mwingine. Jumamosi ile karibu zamu zote tatu zilifika. Ngoma ililetwa na mtu mwenye ndugu zake Bujora, kwenye wacheza ngoma. Wanaume waliingia ziwani na majembe na mapanga, wanawake na mundu, mama miongoni mwao, kanga imefungwa kifuani. Mtani alipanda juu ya bomba akaanza kuwasema wa upande wa pili, kwamba wameolewa wote, kwamba majembe yao ni ya kukunia nazi. Watu walicheka huku wakikatakata. Panga lilipanda likashuka. Majani yalikatika vipande, mizizi ikachanguliwa, mabua yakapasuliwa kama kwenye shamba la pamba, ambako gugu ulilolikatakata na kuliacha juani halioni jioni. Na mimi nilikata. Sijui kama nimewahi kufanya kazi kwa furaha vile.

Alasiri maji yalionekana, meusi na mapana, kuanzia mdomo wa bomba hadi mwambani. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga tukiwa tumelowa. Kaimu meneja alivua sweta. Mzee wa Magu alinipita na jembe begani akasema, "Umeona?" Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, anavuta pumzi polepole na kutabasamu.

Hakuna kati yetu aliyekuwa na elimu ya gugu lile. Tulijua magugu ya nchi kavu. Hatukujua kwamba hili halifi kwa kukatwa, kwamba kila kipande chenye kifundo kinaota upya, na kwamba ukilikata vipande kumi umelipanda mara kumi. Wala sikuwaza jambo lingine lililo wazi zaidi: gugu zima linazuiwa na wavu, lakini kipande hakizuiwi.

Jumatatu asubuhi Mlevi alianza kupanda joto. Nilifungua mvuke zaidi, nikafunga, nikafungua. Njia ya bomba inayorudisha chumvi pipani ikapoa ikaziba, chumvi ikaganda ndani yake kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria. Tuliifunika magunia na kuimwagia maji ya moto mpaka ikaachia, lakini maji ya kupozea hayakuwa yanapita. Tulipofungua kifuniko cha mwisho wa mtambo, mabomba madogo, mamia yote, yalikuwa yamejaa uji wa kijani, umeshindiliwa kama soseji. Tulisukuma kwa fimbo za chuma, bomba kwa bomba. Tulipomaliza tukawasha, na kabla zamu haijabadilishana yalikuwa yamejaa tena. Tuliweka wavu wenye matundu madogo zaidi, nao ukaziba wenyewe.

Na ziwani vile vipande vilikuwa vimeshaanza kutoa majani madogo, mabichi, mazuri. Baada ya muda shamba lilirudi, nene kuliko la kwanza. Mzee wa Magu alikuja kulitazama. Alisimama ufukweni, jembe hana. "Mimi nimelima maisha yangu yote," akasema, akaondoka.

Niliandika barua Dar, nikaenda ofisi za maji, nikauliza kwa watu wa meli. Kila mahali nilikuta mtu mwenye heshima, aliyekubali kwamba tatizo ni kubwa. Ziwa lote lilikuwa hivyo, nchi tatu, na mimi nilikuwa na wavu wa waya. Mnara wa zamani tulikuwa tumeshaubomoa tukachukua mbao zake. Nimezoea kwamba kitu kikiharibika kuna pa kushika. Hapa nilikosa pa kushika, na hasira yangu ilikosa wa kumwangukia. Nilikuwa nasimama ufukweni nikiyatukana majani.

Kaimu meneja hakunifokea. Afadhali angefokea. Alikuja, akasimama karibu na mimi, akatazama lile shamba la maua ya zambarau hadi upeo wa macho. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, fundi," akasema, na nilijua anakwenda kuzima. Alizima kwa mkono wake mwenyewe, nadhani ili isiwe mimi. Chumvi ikaganda ndani ya pipa, na haikuamshwa tena.

Wanunuzi walikuja wakati wa jua kali. Hawakuletwa kwangu. Walipita ukumbini wamefunika pua kwa leso, uzi unakatika kila upande, manyoya yamewajaa kwenye nyusi. Nilimwona mama akitembea kati ya mashine zake mbele yao, mgongo umenyooka, akiunga, akiunga, akibana mdomo ili asikohoe mbele ya wageni. Alifika mwisho wa safu akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya ghala ameshika ukuta kwa mikono miwili, anakohoa. Aliponiona akaniashiria nirudi kazini.

Walinunua, wakaufunga ukumbi, wakaugeuza kuwa ghala la mizigo. Mabomba ya Mlevi yalikatwa yakapelekwa kwenye vyuma chakavu. Mama alikuwa ametoka kwenye vumbi hatimaye, kama daktari alivyotaka, lakini kifua hakikujua kwamba kiwanda kimefungwa. Alibaki nacho mpaka alipotuacha.

Mchana mmoja wa miezi ile ya mwisho umeme ulikuwa umekatika na nyumba yetu ya bati ilikuwa tanuri. Alilala kwenye mkeka karibu na mlango, na mimi nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi. Kwa mlango ule ziwa lilionekana kidogo, kijani. Nilipepea kwa nguvu, mkono huu ukichoka nabadilisha. Alifumbua macho akanitazama.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Unatumia nguvu nyingi, na baridi yenyewe ndogo."

Nikapunguza. Nilitafuta mwendo mzuri wa mkono, ule wa kumfikishia upepo bila kunimaliza, nikaupata, nikaendelea nao. Alirudi kulala. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida ile ile.